Maandiko ya Padri Stefano Kaoze na majina ya wazee wetu

Mwaka wa 2017 Eklezya ya Kongo ilifanya yubile ya miaka mia. Tarehe 21 mwezi wa saba 1917, pale Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba leo, Monsinyori Victor Roelens alimpa Stefano Kaoze daraja takatifu ya upadri. Ndiye padri wa kwanza wa Kongo ya siku zetu, tukiwaweka kando wale wa ufalme wa Kongo wa zamani, kama Dom Henrique aliyefanywa askofu mwaka wa 1518. Sisi wakati wa yubile tulikuwa tungali katika seminari kubwa. Tuliimba, tulipiga ngoma, tulikula vizuri kuliko siku nyingine. Jioni, mezani, mwenzetu mmoja akauliza: «Na huyu Padri Kaoze, aliandika nini?» Tulitazamana. Tulikuwa watu zaidi ya thelathini, na mmoja tu aliweza kutaja jina la andiko moja, naye hakuwa amelisoma.

Haya ile hatujaisahau, na ndiyo iliyotusukuma kuandika kurasa hizi. Hatutaki kueleza tena maisha ya Padri Kaoze. Wengine wamekwisha kufanya hivyo vizuri kuliko sisi. Tunataka kusema juu ya makaratasi: yale aliyoyaacha yeye, na yale ambayo watu wengine wengi, wasio na jina kubwa, wanayaacha kila mwaka katika masanduku ya nyumba zetu.

Kaoze alizaliwa katika Marungu, upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika, siku zile ambapo vita vya Wangwana na biashara ya watumwa vilikuwa havijakwisha. Alisoma Mpala, akasoma Lusaka (Lusaka ya kwetu, si mji mkuu wa Zambia), akamalizia Baudouinville. Kabla hajawa padri, angali mseminari, aliandika kwa Kifransa kazi juu ya akili na moyo wa watu wake, aliyoiita «La psychologie des Bantu». Padri Arthur Vermeersch, Mjezuiti wa Ubelgiji, aliitia maneno ya kuitangulia, na ikapigwa chapa huko Bulaya katika «La Revue congolaise», mwaka wa 1910 na 1911. Waseminari wanaosoma hapa watazame vizuri tarehe hizo. Miaka sita au saba kabla ya kuwekewa mikono, kijana yule alikuwa amekwisha kuandika juu ya watu wake, si kwa kungoja Mzungu amwambie watu wake ni nani.

Baadaye alikuwa padri wa misioni, mwalimu wa seminari, mwenye kuanzisha misioni ya Nyunzu katika mwaka wa 1933, na karibu na mwisho wa maisha yake mjumbe katika Baraza la Serikali la Kongo. Alifariki mwaka wa 1951. Katika kazi hizo zote hakuacha kuuliza wazee. Aliandika juu ya Bena-Kilunga: koo zao, njia walizopita, sultani gani alitoka katika tumbo gani, nani alimrithi nani. Kazi hiyo hakuiona ikipigwa chapa. Ilikaa katika makaratasi, ikapita mkono kwa mkono, ikanakiliwa, hata msomi mmoja, Georges Nagant, akaitia ndani ya kazi yake juu ya Watumbwe aliyoitoa Paris mwaka wa 1976. Maana yake ni hii: miaka ishirini na mitano baada ya kufa kwa mwenyewe, mtu aliyetaka kusoma historia ya Marungu iliyoandikwa na mwana wa Marungu alipaswa kwenda Paris na kuomba kusoma kazi ya mtu mwingine. Katika miaka hii ya karibuni tu maandiko yake yamekusanywa na kutolewa pamoja katika kitabu kimoja, nacho pia kilipigwa chapa Bruxelles. Tunawashukuru sana waliofanya kazi hiyo, na kati yao wamo wasomi wa Lubumbashi. Lakini katika paroki yetu kitabu hicho hakimo. Na katika yako?

Kuna jambo jingine la nchi hiyohiyo linalotuuma, na yafaa tulitaje. Tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 1884, watu wa luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyejenga boma la Mpala mwaka wa 1883, walimwua sultani Lusinga katika kijiji chake. Kichwa chake kilipelekwa Bulaya, na fuvu likatiwa katika nyumba ya elimu ya viumbe huko Bruxelles. Sanamu yake ya wazee, kazi nzuri sana ya ubao, iko Tervuren. Barua na kitabu cha kila siku cha Storms viko Tervuren vilevile, vimepangwa, vimehesabiwa, vimetiwa katika masanduku ya karatasi ngumu, ndani ya nyumba isiyo na mvua wala mchwa. Basi neno la aliyeua limetunzwa. Na neno la jamaa ya aliyeuawa? Lilikaa katika vinywa vya wazee, na katika makaratasi machache ya watu kama Padri Kaoze waliojua Lusinga alikuwa mpwa wa nani na kwa nini watu wengine wa palepale hawakumlilia. Miaka ya 1970 Mmarekani Allen Roberts alikaa Mpala pamoja na wazee hao, akasikiliza. Mwaka wa 2013 akatoa kitabu kikubwa kinachopambanisha maneno ya pande zote mbili. Angekuja miaka ishirini baadaye angekuta nini? Wazee walikuwa wamekwisha kwenda.

Tusifikiri kwamba jambo hili ni la Marungu peke yake. Ng'ambo ya Luapula, Mwata Kazembe wa kumi na nne, Chinyanta Nankula, alikusanya historia ya watu wake kwa Kibemba pamoja na Padri Édouard Labrecque, Padri Mweupe, na kitabu kikatoka mwaka wa 1951, mwaka uleule aliokufa Kaoze. Kwa Wayeke, Antoine Mwenda Munongo alitoa kurasa za historia yao Lubumbashi mwaka wa 1967. Na nani katika mapadri asiyejua jina la Padri Alexis Kagame wa Rwanda, aliyekaa na watu wa nyumba ya mwami, wale waliopewa kazi ya kushika katika kichwa majina ya wafalme na ya mama zao wote, akayaandika? Wengine walimpinga. Mwaka wa 1962 Jan Vansina alisema kwamba hesabu ya miaka ya Kagame haisimami. Vema. Wagombane. Wanaweza kugombana kwa sababu maneno ya wale wazee yako juu ya meza. Juu ya koo zetu nyingi hakuna wa kugombana, kwa kuwa meza ni tupu.

Sasa tuseme wazi juu ya hesabu za koo zenyewe, maana wako wenzetu wanaozidharau, na wako wengine wanaoziamini kama Injili, na wote wawili wanakosa.

Wanaozidharau wana Mtakatifu Paulo upande wao, kama wapendavyo kutukumbusha: alimwonya Timoteo na Tito juu ya wale wanaopoteza siku zao katika hesabu za vizazi zisizo na mwisho. Lakini Paulo huyohuyo, akiwa kifungoni, alimwomba Timoteo amletee joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, na pamoja na joho vitabu, zaidi sana vile vya ngozi. Mzee amefungwa, anaona baridi, anajua kwamba atakufa, na bado anauliza makaratasi yake yako wapi! Tena, katika kitabu cha Ezra tunasoma juu ya jamaa za makuhani waliorudi kutoka Babeli. Walitafuta maandiko ya ukoo wao, hawakuyaona, wakatolewa katika kazi ya ukuhani. Hawakutolewa kwa dhambi. Walitolewa kwa kukosa karatasi.

Na wanaoziamini kama Injili, waisome Injili kwanza. Matayo anahesabu vizazi kumi na vinne mara tatu, na kwa kupata hesabu hiyo anaruka wafalme watatu waliojulikana na kila Myahudi. Hakusema uongo, alikuwa na neno la kufundisha, na orodha ilikuwa chombo chake. Wazee wetu nao hufanya hivyo. Mzee anayetaja mababu sita hasemi kwamba walikuwa sita tu. Anataja wale ambao kwa ajili yao yeye anakaa pale anapokaa.

Hapo ndipo penye ugumu. Serikali ya Wabelgiji ilipotaka kuweka masultani kwa sheria, katika mwaka wa 1910 na tena mwaka wa 1933, wakubwa wake walizunguka wakiuliza: nani sultani wa kweli, baba yake nani, babu yake nani? Kila ukoo ulijua kwamba jibu lake litazaa kiti, medali na kodi. Orodha iliyotolewa mbele ya meza ile si sawa na ile iliyosemwa usiku kwenye matanga, wakati hakuna wa kumdanganya. Tena swali lenyewe lilikuwa na kosa: kwa Watabwa ukoo unatoka kwa mama. Kiti cha mjomba kinakwenda kwa mpwa, si kwa mwana. Mzungu aliuliza «baba yako nani», akaandika baba, na akafikiri ameandika ukoo. Hata vitabu vyetu vya ubatizo vina ulemavu huo. Jina la baba limeandikwa kwa herufi nzuri, jina la mama limebanwa pembeni, na la mama ya mama halimo kabisa, na kumbe lile la mwisho ndilo mzee angelianza nalo.

Kuna mtego mwingine, na sisi wenyewe tulinaswa nao. Kwa Watabwa, kama kwa ndugu zao wa Luapula, mtu akifa, mpwa wake au ndugu yake hurithi jina lake, na akilirithi huwa kama yeye. Wajukuu wa marehemu humwita kijana huyo nkambo. Wake wa marehemu, watoto wake, ugomvi wake, urafiki wake na sultani jirani, vyote vinapita kwa mrithi. Basi sultani wa kijiji akikuambia: «Mimi nilimkaribisha fulani, nikampa shamba kando ya mto», huenda ni jambo la miaka mia na hamsini, la mtu wa kwanza wa jina hilo. Na akisema «fulani ni mdogo wangu», huenda majina mawili ndiyo ndugu. Watu wenyewe walio nayo leo hawana damu moja hata tone. Ian Cunnison alieleza desturi hiyo vizuri kwa watu wa Luapula katika miaka ya 1950. Sisi hatukuwa tumemsoma. Tulipoanza kuandika, tulichora ukoo mmoja kama mti, na tukashangaa kuona mtu mmoja amezaa watoto kwa muda wa miaka tisini. Katekista aliyetusindikiza alicheka mpaka akakaa chini.

Dawa yake imo katika nyumba zetu. Kitabu cha ubatizo kinatenga watu ambao jina la ukoo limewaunganisha: huyu ni Yosefu, alibatizwa mwaka huu, yule ni Petro, alibatizwa miaka arobaini baadaye, basi ni wawili. Na kitabu cha kila siku cha misioni, kile ambacho Kardinali Lavigerie aliwaamuru Mapadri Weupe wakiandike katika kila kituo, kinasema siku gani sultani alikufa, siku gani mwingine alirithi, mvua ilikuwaje, njaa ilikuwa mwaka gani. Ukiyaweka pamoja maneno ya wazee, kitabu cha ubatizo na kitabu cha misioni, utaona yanaanza kusemezana. Ukikosa kimoja, viwili vinavyobaki vinakuwa kama bubu. Ndiyo sababu tunasema kazi hii ni ya mapadri na makatekista kwanza. Msomi wa chuo anakuja mwaka mmoja anakwenda. Sisi tunazika watu.

Tusifiche kosa letu. Katika paroki yetu ya kwanza, kando ya ziwa, alikuwako mzee, katekista wa zamani, aliyeanza kuandika majina ya koo mwaka wa 1958, angali kijana. Aliandika katika makaye ya shule, kwa Kiswahili na Kitabwa, kwa mwandiko wa shule ya misioni uliosimama wima. Kila alipokwenda kuzika, aliuliza. Kila aliyemwambia neno, alimwandika jina na kijiji. Hakufundishwa na mtu njia hiyo. Mara mbili alitutumia mjukuu wake: «Padri aje tusome pamoja, macho yangu yanakwisha.» Mara mbili tulijibu kwamba tutakuja baada ya kumaliza paa la shule. Mabati yalichelewa Kalemie, kiisha mvua ikaja, kiisha Kwaresima. Alifariki katika juma la pili la Pasaka.

Tulipofika baada ya matanga tulikuta makaye saba. Yalikuwa kumi na moja. Moja watoto walikuwa wamelifanyia hesabu za shule, na hatuwalaumu, maana lilikuwa na kurasa nyeupe nyuma. Moja lilikwenda sokoni kufungia karanga. Mawili alikuwa ameyachukua mpwa mmoja wa marehemu, mtu anayegombania kiti cha kijiji chao. Tulimwendea. Alitupokea vizuri, akatupa chakula, akasema: «Padri, nitawapa, lakini kwanza ninyi andikeni karatasi yenye muhuri wa paroki, kwamba tumbo letu ndilo kubwa.» Tulimwambia kwamba muhuri wa paroki hauna kazi hiyo. Akasema basi tungoje. Tunangoja mpaka leo.

Tumesimulia haya kusudi msomaji aone kwamba adui wa makaratasi si mchwa na moto peke yao. Ni kweli vita vya 1964 vilipita katika nchi yetu, na vile vya 1998 mpaka 2003 pia, na penye vita karatasi huwashia moto au kuvingirishia tumbaku. Lakini hasara iliyo kubwa tuliyoiona kwa macho yetu ilitokea siku ya amani, kati ya mazishi na kugawa nguo za marehemu.

Wenzetu wengi hutuuliza: basi tufanye nini, hatuna fedha. Kwa sehemu kubwa kazi hii haitaki fedha. Mwendee mzee angali hai, na uandike palepale nani amesema, wapi, siku gani, na nani walikuwa wameketi. Maana mzee husema namna moja mbele ya mjomba wake na namna nyingine akiwa peke yake. Anza kwa mama. Wazee wawili wakipingana, andika maneno ya wote wawili, usiwapatanishe. Upatanisho wa padri katika jambo hili ni uharibifu. Ukipokea makaratasi ya marehemu, usiyapange upya kwa kufuata akili yako. Karatasi iliyowekwa ndani ya kaye fulani ilikuwa na sababu ya kuwekwa pale. Toa pini zenye kutu. Usibandike pale palipopasuka kwa utepe wa duka, maana baada ya miaka michache gundi yake hula wino. Sanduku liwe la bati, lisimame juu ya mawe, mbali na ukuta, na mwanzoni mwa kiangazi lifunguliwe lipate hewa. Siku hizi watu hupiga picha kila ukurasa kwa simu, na ni vizuri sana, ikiwa picha zitatolewa katika simu na kuwekwa mahali pawili. Tunamjua padri ambaye ukoo mzima wa watu ulimwangukia ziwani pamoja na simu alipokuwa akishuka mtumbwini.

Na sheria tunayo. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Eklezya inataka kila paroki iwe na mahali pa kutunzia vitabu na maandiko, na vitabu vya zamani vilindwe vizuri. Kanuni ya 491 inataka iandikwe orodha ya vilivyomo kwa nakala mbili, moja ikae palepale, nyingine ipelekwe kwa askofu, tena jimbo liwe na mahali pa maandiko ya historia. Tulijifunza kanuni hizo katika seminari, tukazijibu katika mtihani. Je, mseminari anayekwenda likizo hawezi kukaa siku tatu katika paroki yake akaandika orodha ile? Tungefurahi sana kusikia kwamba mmoja tu amefanya.

Lakini liko swali ambalo kanuni hazilijibu sawasawa, nasi hatutaki kulipita haraka.

Misioni za ziwa, Mpala mwaka wa 1885, Baudouinville mwaka wa 1893, na nyingine zilizotangulia, zilikusanya watoto wengi waliokombolewa kwa Wangwana na wafanya biashara wengine. Wengi wa wakristu wetu wa kwanza walikuwa watoto hao. Walikua, walioana, walipewa mashamba, wajukuu wao ni walimu na wauguzi na mapadri. Tena, mbali na misioni, koo zenyewe zilikuwa na watumwa. Mwanamke aliyenunuliwa hakuwa na mjomba, hakuwa na mtu wa kumsemea. Watoto wake walihesabiwa katika ukoo wa bwana, wakachukua jina la ukoo huo. Kwa siku nyingi hakuna anayelitaja jambo hilo. Siku ya ugomvi wa shamba au wa kiti, mtu mmoja akilewa kidogo atalitaja, na ndugu hawataketi tena pamoja. Sasa, mzee mwenye makaye aliyajua hayo yote, naye aliyaandika. Kando ya majina fulani alitia alama ndogo, msalaba uliolala, na katika kaye la tatu alieleza maana yake: huyu alinunuliwa.

Habari ilienea. Jamaa moja ikaja nyumbani kwetu, watu watano, wakristu wa kweli, wasaidizi wa paroki. Mkubwa wao akasema: «Padri, tunajua mlicho nacho. Tunaomba ukurasa ule uondolewe. Hatuna neno lingine.»

Tulikosa usingizi kwa ajili ya ukurasa ule. Hatukutaka kuuchana, maana maandiko ya marehemu si yetu. Na anayechana ukurasa mmoja kwa huruma atachana wa pili kwa kuogopa na wa tatu kwa kupewa mbuzi. Lakini kumwonyesha kila mtu ukurasa wenye kuvunja nyumba za watu, hilo nalo hatukuliona kuwa elimu. Tulimwendea padri mzee aliyetutangulia katika paroki ile. Alitukumbusha kwamba Sheria ya Eklezya yenyewe inajua maandiko ya siri, yanayofungiwa mahali pake na kutunzwa na askofu. Basi tulikata shauri: makaye yote yanakiliwe, na ule ukurasa wenye maelezo ya alama utiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, upelekwe jimboni, usifunguliwe mpaka watu waliotajwa na watoto wao wawe wamekwenda mbele ya Mungu. Huenda tulikosa. Wako wenzetu wanaosema kwamba tumeuficha ukweli, na wako wanaosema kwamba tungeuchoma. Sisi tunasema tu tulilofanya.

Kabla ya kufunga bahasha tulikwenda kuwaambia jamaa ile, kusudi wasilisikie kwa watu. Walikubali kwa shida. Ndani ya nyumba, juu ya mkeka, aliketi bibi yao, mzee wa miaka themanini na zaidi, ambaye siku ile ya kwanza hawakumleta wala hawakumwuliza. Alikuwa akisikiliza. Kiisha akatuita tukae karibu.

«Padri, huyo mnayemsema ni mama ya mama yangu. Mimi nililala naye nyumba moja. Yule marehemu ameandika jina gani?»

Tulitazama wanaume, hawakusema neno. Tukamsomea jina.

«Hapana, si hilo. Hilo walimwita wale waliomnunua. Alikataa kuitikia, akapigwa, ndipo akaitikia. Nyumbani kwao aliitwa jina lingine, na usiku alikuwa akiniambia nilishike.»

«Wewe nkambo, wataka tuliandike?»

«Kwa nini mnaniuliza? Si mmekuja na kalamu?»

Akatuambia jina. Akatuambia na mto wa kwao, na mama yake aliitwa nani, na kwamba walikuwa watoto wanne. Wajukuu wake walikuwa hawajapata kusikia hata neno moja la hayo. Yule mkubwa wao, aliyetuomba tuuchane ukurasa, alimwomba arudie jina la mto, kwa kuwa hakulisikia vizuri.

Tulipofika paroki tulifungua kitabu cha ubatizo cha zamani. Yule mama yumo, na jina walilompa waliomnunua ndilo lililoandikwa karibu na jina la mtakatifu wake. Mstari wa mama yake ni mtupu. Hatukugusa kitabu. Tulichukua karatasi nyingine, tukaandika majina kama tulivyoyasikia, tukaandika nani ametuambia, kijiji, na siku, na wale waliokuwa wameketi, tukaiweka ndani ya kitabu kwenye ukurasa ule.

Nyunzu, Moba, Mpala, Lusaka, Kirungu, popote ndugu wanaposoma haya: kama kuna mtu mwenye makaye ya katekista wa zamani, hata moja, hata nusu, na asijue la kulifanya, atuandikie kwa mkono wa review hii. Na makaye mawili yaliyobaki, tumesikia kwamba mpwa yule amehamia Kalemie. Tutamwendea tena baada ya mvua.